Je, Hisi Zetu za Ndani Zipo Kweli? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wapo wanafalsafa, watu wenye akili timamu na heshima zao, wanaosema kwamba kile unachokiita hisi ya ndani, yaani ule uchungu wa uchungu na ule utamu wa utamu, hakipo kama unavyodhani. Wapo wenzao wanaoona kuwa hakuna dai la ajabu kuliko hilo. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mada hii inapozuka. Si lazima uyasome kwa mfuatano. Jibu likitegemea jingine, nimetaja namba yake. Msimamo wangu uko katika swali la 20.

## Mambo ya mwanzo

1. Mtu anawezaje kukana kwamba ana hisi? Mnabishania nini hasa?

Chukua jino bovu. Saa nane ya usiku jino la nyuma linavuta. Neva zinapeleka taarifa kwenye ubongo, unashika shavu, unakunja uso, usingizi unakata, unaapa kwamba kukipambazuka tu utakwenda kuling'oa. Hayo yote hakuna anayeyakana.

Swali ni hili: ukishayaorodhesha yote, kuanzia neva hadi kiapo, kuna kitu kimebaki nje ya orodha? Je, kule kuuma kwenyewe, jinsi kulivyo kwako wewe uliyelala na hilo jino, ni jambo la ziada? Upande mmoja unasema ndiyo, na kwamba hilo ndilo jambo lenyewe. Upande wa pili unasema hapana: orodha imekamilika, na hiyo hisia kwamba kuna kitu kimesazwa ni kiinimacho ambacho ubongo unajifanyia wenyewe. Nitawaita wa kwanza watetezi na wa pili wakanushaji.

2. Fahamu inayozungumzwa hapa ni ile ya kuzirai na kuzinduka?

Hapana. Mtu aliyezirai amepoteza fahamu kwa maana ya daktari: haamki, haitiki, hatambui. Maana hiyo inapimika kwa tochi na sindano, na haina ubishi. Wala si fahamu ya kuelewa jambo, wala ya kujijua kuwa wewe ni nani. Hapa tunazungumzia hisi tu: wekundu unaouona kwenye nyanya, ukali wa pilipili ulimini. Wanafalsafa huziita kwalia. Mimi nitasema hisi za ndani.

3. Kwa nini kila mtu anamtaja popo?

Kwa sababu ya makala ya Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, iliyotoka mwaka 1974. Popo huruka gizani kwa kupiga kelele nyembamba na kusikiliza mwangwi wake unaporudi. Tunaweza kupima kelele hizo, kupasua sikio lake na kuchora kila neva. Nagel akauliza: pamoja na hayo yote, tutajua kuwa popo kukoje kwa popo mwenyewe? Jibu lake ni kwamba sayansi hutazama vitu kutoka nje, na swali hili linahusu ndani. Nagel hakukana kwamba popo ni mwili na ubongo. Alisema tu kwamba bado hatujui namna ya kuliunganisha la ndani na la nje.

4. Na hilo "tatizo gumu" ni lipi?

Ni jina alilolipa David Chalmers, mzaliwa wa Australia, katika mkutano wa mwaka 1994 mjini Tucson, Arizona, kisha katika makala ya 1995. Alitenganisha mafungu mawili. Matatizo mepesi (mepesi kwa maana kwamba njia ya kuyatatua inajulikana, hata kama itachukua miaka mia) ni kama: ubongo unatofautishaje rangi, unakumbukaje, unaelekezaje macho? Tatizo gumu ni: kwa nini kazi zote hizo ziambatane na hisi yoyote? Kwa nini zisifanyike kimyakimya?

Mjadala wote unaegemea hapo. Watetezi husema tatizo gumu ni la kweli, wakanushaji husema ni swali lililotungwa vibaya tangu mwanzo.

## Upande wa wakanushaji

5. Ni nani hasa anayesema hisi za ndani hazipo?

Wanaotajwa zaidi ni wawili. Daniel Dennett wa Marekani, aliyefariki Aprili 2024, aliandika mwaka 1988 makala ya kutaka kwalia zifutwe kabisa kwenye msamiati, kisha mwaka 1991 kitabu kizima cha kueleza fahamu bila hizo. Keith Frankish wa Uingereza ndiye aliyelipa kundi hili jina la nadharia ya kiinimacho mwaka 2016, katika makala iliyojibiwa na wapinzani na waungaji mkono.

Paul na Patricia Churchland hutajwa pamoja nao, ila wao walilenga kwingine: walisema lugha yetu yote ya "naamini" na "natamani" huenda ikatupwa siku sayansi ya ubongo itakapokomaa. Usiwachanganye.

Jambo moja la haki: Dennett alilalamika maisha yake yote kwamba anasingiziwa kukana fahamu. Alichokana ni picha fulani ya fahamu, kwamba mle kichwani mna jukwaa ambapo kila kitu huonyeshwa na wewe umekaa mbele yake ukitazama.

6. Nipeni hoja yao yenye nguvu kuliko zote.

Nitakupa mbili, na ya kwanza unaweza kuijaribu sasa hivi. Tafuta karata na uzichanganye. Kaza macho kwenye alama moja ukutani, mbele yako, na usiyahamishe. Chomoa karata bila kuitazama, inyooshe mkono wa kulia usawa wa bega, kisha ilete mbele taratibu huku ukiichezesha. Kwanza utajua kitu kinacheza pembeni. Rangi hutaijua. Mkono unasogea, bado huna uhakika kama ni nyekundu au nyeusi. Kujua kwamba ni kopa au uru, saba au tisa, ni mpaka karata ikaribie kuziba ile alama unayoitazama. Jaribio hili ni la Dennett.

Sasa fikiri kabla hujalifanya ungesema nini. Wengi wetu tungeapa kwamba tunaona chumba kizima kwa rangi, kona hadi kona. Kumbe sehemu inayoonekana vizuri ni ndogo mno, na ubongo unatuhakikishia kwamba zilizobaki zipo. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu filamu fupi na kuwaambia wahesabu pasi za mpira. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe anaingia, anajipiga kifua, anatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Tunakosea, tena kwa kujiamini, kuhusu kilichomo ndani ya hisi zetu wenyewe, mahali tulipodhani hatuwezi kukosea.

Hoja ya pili ni ya waonjaji wawili wa kahawa, nayo ni ya Dennett pia. Wamefanya kazi miaka mingi, na wote wawili sasa hawaipendi kahawa waliyoipenda zamani. Wa kwanza anasema: ladha ni ileile, ila mimi nimebadilika, siipendi tena. Wa pili anasema: ulimi wangu umebadilika, ladha ninayoipata si ile ya zamani. Tofauti yao ni ipi? Watafanya mambo yaleyale, watakataa kikombe kilekile, na hakuna hata mmoja anayeweza kuiweka ladha ya zamani kando ya ya leo akalinganisha. Kama mwenye hisi mwenyewe hawezi kujua kama hisi yake imebadilika au ni maoni yake juu yake, basi kile kitu cha siri tulichodhani anakijua kuliko yeyote kinaanza kuyeyuka. Kwangu hoja hii inauma kuliko ile ya karata.

7. Lakini kiinimacho chenyewe si hisi? Nani anayedanganywa?

Hili ndilo pingamizi linaloulizwa kuliko yote. Mtu akiona maji barabarani wakati wa jua kali na maji hayapo, bado kuna kuona kwa namna fulani. Maji ni ya uongo, kuonekana ni kwa kweli. Sasa ukisema kuonekana kwenyewe ni kwa uongo, unasimama wapi? Galen Strawson, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 2018 kwamba hakuna dai la kipuuzi zaidi lililowahi kutolewa na binadamu, kwa sababu kuonekana kuwa una hisi ni kuwa na hisi.

Wakanushaji wana jibu, na wengi wanaowapinga hawalisikilizi hadi mwisho. Wanasema "kuonekana" kuna maana mbili. Maana ya kwanza ni kuwa na picha ya ndani yenye hisi. Maana ya pili ni kuwa na mwelekeo wa kuamini na kusema jambo fulani. Wao wanatumia ya pili. Ubongo unajifuatilia kazi zake wenyewe kwa muhtasari wa harakaharaka, na muhtasari huo unaripoti kwamba ndani kuna kitu cha ajabu kisichoelezeka. Unaamini ripoti hiyo kwa nguvu zote. Kuamini ni kazi ya ubongo, na si lazima kuwe na picha nyingine nyuma yake. Michael Graziano wa Princeton ana nadharia inayofanana: ubongo hujitengenezea kielelezo cha umakini wake, kielelezo hicho ni rahisi kupita kiasi, na sisi tunakiita fahamu.

Jibu hilo halina mgongano wa kimantiki, na Strawson analipita haraka mno. Hata hivyo linaacha deni. Imani nyingine ninazozibeba, mfano kwamba Dodoma ndio makao makuu, haziumi. Imani kwamba jino linauma inaambatana na usiku mzima wa mateso. Wakanushaji wanapaswa kueleza kwa nini imani hii moja ina makali hayo, na hawawezi kusema "kwa sababu inauma".

8. Kwa hiyo wanasema maumivu hayapo?

Wanakataa kusema hivyo, na ni haki yao. Frankish husema maumivu yapo: ni ile hali nzima ya mwili na ubongo kujihami, kukimbia, kuhangaika na kutaka ikome. Kisichokuwepo ni rangi ya siri juu ya hiyo hali. Kwa hiyo mgonjwa bado atapewa dawa.

François Kammerer, ambaye ni mkanushaji mwenyewe, ameliona tatizo waziwazi. Wengi wetu tunaamini mateso ni mabaya kwa sababu ya jinsi yanavyohisika. Ukiondoa kule kuhisika, ubaya wake unategemea nini? Swali hili linarudi namba 17.

## Upande wa watetezi

9. Si Descartes alishamaliza kesi hii?

Mwaka 1641, katika *Tafakuri* zake, René Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, alijaribu kutilia shaka kila kitu: dunia, mwili wake, hata hesabu. Akakuta hawezi kutilia shaka kwamba anawaza, na kuhisi nako alikuhesabu kuwa ni namna ya kuwaza. Huenda moto ninaouona haupo, alisema, lakini kwamba naonekana kuhisi joto, hilo haliwezi kuwa uongo.

Karne 6 kabla yake Ibn Sina, aliyefariki 1037, alipita jirani na hapo. Alisema mfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mzima, ananing'inia hewani, macho yamezibwa, viungo havigusani, hakuna upepo unaomfikia. Hajui kama ana mkono au kifua. Je, atathibitisha kwamba yupo? Ibn Sina alisema ndiyo.

Wakanushaji hujibu kwamba Descartes alithibitisha zaidi ya alichokuwa nacho. Kwamba kuna kuwaza kunaendelea, sawa. Kwamba kuwaza huko kuna sifa za siri ambazo mwenyewe hawezi kuzikosea, karata ya swali la 6 inasema vingine.

10. Mary na chumba chake ni nani?

Ni mhusika wa kubuni wa Frank Jackson, mwaka 1982. Mary amelelewa ndani ya chumba cheusi na cheupe, akawa bingwa wa sayansi ya rangi, anajua kila kinachotokea machoni na ubongoni mtu anapotazama nyanya. Siku anatoka na kuona nyanya nyekundu, anajifunza jambo jipya? Ukisema ndiyo, maelezo yote ya sayansi yalikuwa na pengo. Baadaye Jackson aliiacha hoja yake mwenyewe na kuhamia kambi ya wayakinifu, yaani wanaosema kila kilichopo ni maumbile tu. Hoja imebaki ikiishi bila yeye.

11. Zombi wa wanafalsafa ndiye msukule?

Hapana kabisa. Msukule wa masimulizi yetu ni mtu aliyepumbazwa: hasemi vizuri, hajitambui, ukimwona unajua kuna kasoro. Zombi wa Chalmers hana kasoro yoyote inayoonekana. Anafanana nawe chembe kwa chembe, anacheka, analia msibani, anakusimulia jino lilivyomsumbua jana. Kasoro yake ni moja, kwamba ndani hakuna anayehisi chochote.

Chalmers hasemi zombi wapo mitaani. Anasema kwamba kama wanafikirika bila kujipinga, basi hisi ni jambo la ziada juu ya maumbile. Dennett alijibu kwamba ukimfikiria zombi sawasawa, pamoja na kila anachofanya, utagundua umemfikiria mtu wa kawaida. Hapa kila upande unashikilia uwezo wake wa kufikiri kama ushahidi, na ndiyo maana huwa siwapeleki wanaoanza kwa zombi.

12. Kama hisi zipo, ziko wapi?

Watetezi hawakubaliani. Wapo wanaosema ni kitu kingine kabisa tofauti na mwili; hao wana deni tangu 1643, Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia alipomwandikia Descartes kumuuliza kitu kisicho na mwili kinausukumaje mwili. Wapo wanaosema hisi ndiyo shughuli ya ubongo yenyewe, kwa jina jingine. Philip Goff wa Uingereza anasema chembe ya hisi imo katika kila kitu hadi kwenye atomi, ingawa hajatueleza atomi zinaungana vipi kuwa mtu mmoja. Na Thomas Huxley alisema mwaka 1874 kwamba fahamu ni kama honi ya garimoshi: inatokana na injini, haisaidii kuvuta behewa hata moja.

13. Kuna Mwafrika aliyewahi kuingia kwenye mjadala huu?

Yupo, na mapema. Anton Wilhelm Amo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1700 karibu na Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya angali mtoto, akakulia katika kasri la watawala wa Wolfenbüttel, Ujerumani. Mwaka 1734, huko Wittenberg, alitetea tasnifu kuhusu akili ya mwanadamu kutohisi. Hoja yake: akili ni tendaji tupu, na kuhisi ni kutendwa, kuguswa na kitu. Kwa hiyo akili haihisi. Kinachohisi ni mwili ulio hai. Descartes alikuwa amejikanganya hapo, na Amo akamwambia waziwazi.

Amo hakuwa mkanushaji. Hakusema hisi hazipo. Alizihamisha tu, akazitoa kwenye akili na kuzirudisha mwilini. Inanisikitisha kwamba mtu anaweza kusoma falsafa miaka mitatu hapa kwetu na asilisikie jina lake.

Karne ya 20 mwenzake wa Ghana, Kwasi Wiredu, alidai kwamba katika fikra za Waakan, jamii kubwa ya huko Ghana, akili si kitu kilichokaa ndani ya mtu, ni uwezo wa kufanya mambo fulani. Kwame Gyekye alimpinga, akisema Waakan wanaamini roho isiyo mwili. Ubishi wao unafanana sana na huu wetu.

## Sayansi inasemaje

14. Wanasayansi wa ubongo hawajalimaliza?

Mwaka 1998, mjini Bremen, mwanasayansi Christof Koch aliwekeana dau na Chalmers: ndani ya miaka 25 tutakuwa tumeijua alama ya fahamu ndani ya ubongo. Juni 2023, mbele ya mkutano mjini New York, Koch alikiri kushindwa na kumkabidhi mwenzake kasha la mvinyo.

Nadharia mbili zinazoongoza zilipimwa uso kwa uso. Moja, iliyoanzishwa na Bernard Baars, inasema jambo huingia kwenye fahamu linapotangazwa kwa ubongo mzima. Nyingine, ya Giulio Tononi, inasema fahamu ni kiasi cha taarifa zilizofungamana katika mfumo. Watu 256 walipimwa, na matokeo yaliyochapishwa 2025 hayakuipa ushindi kamili nadharia yoyote. Katikati ya hapo, Septemba 2023, wataalamu 124 walitia saini barua wakiiita ya Tononi sayansi bandia. Joto lipo hata maabara.

Lakini hata mshindi angepatikana, tungejua *lini* na *wapi* hisi hutokea. Mkanushaji angesema: vizuri, hapo ndipo kiinimacho kinapotengenezwa.

15. Ni kweli kuna vipofu wanaoona?

Ndiyo. Katika miaka ya 1970 Lawrence Weiskrantz na wenzake walimchunguza mgonjwa anayejulikana kwa herufi D.B., aliyeondolewa sehemu ya ubongo wa nyuma, upande wa kulia. Kushoto kwake haoni kitu, na mwenyewe anasema hivyo. Walipomlazimisha abahatishe taa iko wapi au mstari umelala au umesimama, alipatia mara nyingi mno kuliko bahati. Alipoambiwa matokeo, alishangaa.

Kila upande unamtumia. Watetezi: tazama, kazi ya kuona inawezekana bila hisi ya kuona, kwa hiyo ni vitu viwili. Wakanushaji: D.B. hawezi kutumia alichokiona kupanga, kusema au kuamua bila kusukumwa. Kilichopotea ni kazi hizo. Mimi naona mizani imekaa sawa hapa.

16. Nusu kaputi inathibitisha chochote?

Inathibitisha kwamba kemikali inaweza kuzima chochote kile tunachokizungumzia, na huo ni ushahidi mkubwa kwamba kinategemea ubongo. Utafiti wa kitaifa uliotolewa 2014 Uingereza na Ayalandi ulikuta kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 19,000 aliripoti kuwa alizinduka kwa kiasi fulani akiwa chini ya dawa. Baadhi yao walikuwa wamepewa pia dawa ya kulegeza misuli, hivyo hawakuweza hata kupepesa jicho. Ukitaka kujua kwa nini suala hili si la kupotezea muda, mfikirie mtu huyo mezani: haonyeshi tendo lolote, na anahisi.

## Maswali ya pembeni

17. Watoto wachanga na wanyama wanahusikaje?

Hapa ndipo kukosea kumekuwa na gharama. Hadi katikati ya miaka ya 1980, Marekani na kwingineko, watoto wachanga walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na dawa kidogo sana ya maumivu, au bila kabisa. Madaktari wengi waliamini ubongo wa mtoto haujakomaa kuhisi, na kwamba kilio chake ni mrejeo tu wa mwili. Mwaka 1987 K.J.S. Anand na P.R. Hickey walichapisha uchambuzi wa ushahidi kwamba mwili wa mtoto hupokea na kujibu maumivu kikamilifu, na desturi ikaanza kubadilika.

Haingekuwa haki kuwatupia wanafalsafa wakanushaji lawama hiyo; madaktari wale hawakuwasoma. Lakini kauli "ni mwitikio tu, ndani hakuna kitu" ilikwisha kutumika kwenye miili ya watoto, na kila anayeitamka leo anapaswa kujua ilikopita.

Kuhusu wanyama, kundi la wanasayansi lilitangaza Cambridge mwaka 2012 kwamba binadamu si peke yake mwenye mitambo ya fahamu, na tamko la New York la 2024 likaongeza kwamba uwezekano wa kuwa na fahamu ni wa kweli kwa wenye uti wa mgongo wote na hata kwa wengi wasio nao. Sheria ya Uingereza ya 2022 inawatambua kaa, kamba na pweza kuwa viumbe wanaohisi. Pweza yuleyule anayepigwapigwa pwani kwetu ili alainike.

18. Na mgonjwa aliyelala miezi bila kuitika?

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimweka ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo mwanamke aliyepata ajali ya gari na kuonekana hajitambui kabisa. Walimwambia afikirie anacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga miondoko ikawaka. Walimwambia afikirie anatembea chumba kwa chumba nyumbani kwake. Sehemu nyingine ikawaka, sawasawa na kwa watu wazima wa afya. Familia zikiniuliza kama inafaa kuzungumza na mgonjwa wa namna hiyo, jibu langu ni ndiyo, zungumza naye, mwite kwa jina.

19. Ukikana hisi za ndani umekana roho? Wabudha wanasemaje? Na mashine?

Roho ni swali jingine. Unaweza kukubali hisi bila roho, kama wanavyofanya wengi wa watetezi wa leo, na Amo (swali la 13) alikubali roho huku akiinyima hisi. Aliyeamini roho hana sababu ya kuogopa mjadala huu.

Ubudha hukana nafsi ya kudumu, yule "mimi" anayekaa nyuma ya yote. Hilo si sawa na kukana kwamba kuna kuhisi. Mateso ndiyo mwanzo wa mafundisho yenyewe.

Kuhusu mashine: mwaka 2022 mhandisi mmoja wa Google alitangaza kwamba programu ya mazungumzo LaMDA ina hisia, kampuni ikakanusha. Programu imefunzwa kwa maandishi ya watu wanaosema "nahisi", kwa hiyo itasema "nahisi" iwe inahisi au la. Neno lake si ushahidi wa upande wowote.

20. Wanafalsafa wengi wako wapi, na wewe uko wapi?

Katika kura ya PhilPapers ya 2020 iliyowahoji wanafalsafa wa vyuo, wakanushaji waliojitaja hivyo hawakufika asilimia 5. Kundi kubwa, karibu theluthi, walisema fahamu ni kazi zinazofanywa na ubongo. Wenye kuamini uwili, yaani kwamba fahamu ni kitu tofauti na mwili, walikuwa takriban asilimia 22. Wingi hauthibitishi kitu, ila unaonyesha dai lina mlima wa kupanda.

Mimi ni mtetezi. Naamini jino linapouma kuna kuuma, na kwamba kuuma huko si maoni yangu juu ya neva zangu. Lakini wakanushaji wamenipokonya jambo moja ambalo silidai tena: kwamba nazijua hisi zangu bila kukosea. Sijui upana wa ninachokiona. Sijui kama ladha ya kahawa ya mwaka jana ndiyo ya leo. Nikiulizwa hisi ikoje, nabahatisha kuliko ninavyopenda kukiri.

21. Ni nini kingekufanya uhamie upande wa pili?

Maelezo kamili ya kwa nini ninasema ninayosema. Chalmers mwenyewe mwaka 2018 aliwapa wakanushaji swali hili kama kazi yao: elezeni ni mtambo gani ubongoni unaowafanya watu waseme "kuna kitu ndani kisichoelezeka". Wakiuonyesha mtambo huo, hatua kwa hatua, na pasiwepo mahali popote ambapo hisi yenyewe inahitajika ili maneno yale yatoke mdomoni, nitakuwa na sababu ya kutoiamini ripoti yangu mwenyewe. Kwa sasa mtambo huo una michoro ya awali tu, wa Graziano ukiwa miongoni mwa iliyo bora. Na hata ukikamilika, nitauliza kwanza unasemaje kuhusu yule mgonjwa wa swali la 16.